Balansi na Matairi Mapya ya Motohomu: Njia Ipi kwa Gari Lipi

Kwenye gari dogo, gurudumu lisilo na balansi, yaani lenye upande mmoja mzito kuliko mwingine, hujitangaza mapema: usukani unacheza mikononi. Ndani ya motohomu, gari lililobeba kitanda, jiko na choo chake, habari huanzia kabatini. Ukifika kilomita 85 kwa saa vikombe vinaanza kugongana, mlango wa friji unalia, na aliyekaa pembeni anakutazama bila kusema kitu. Unashuka hadi 70, kimya. Unapanda tena, vikombe vile vile.

Hapo kila mtu ana dawa yake. Mmoja anasema mwaga shanga ndani ya tairi. Mwingine anasema funga pete za balansi usahau. Fundi anasema lete magurudumu kwenye mashine. Na yupo wa nne anayesema hayo matairi yamezeeka, nunua mapya yote sita. Shida ni kwamba hawa wanne hawazungumzii gari moja. Mmoja ana gari lililojengwa juu ya van, lenye rimu za inchi 16. Mwingine ana chombo chenye ukubwa wa basi na rimu za inchi 22.5. Ushauri unaomfaa huyu unaweza kuwa hasara tupu kwa yule.

Kubadilisha au kubalansi: swali linalotangulia

Sioni faida ya kulipia balansi ya tairi litakalotupwa mwakani. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, jua umri wa tairi.

Lori humaliza kashata, yale meno ya mpira yanayogusa barabara. Motohomu humaliza miaka. Lori la masafa marefu laweza kutembea zaidi ya kilomita 100,000 kwa mwaka mmoja, wakati motohomu nyingi hazifikishi hata 10,000. Tairi la aina hiyo hiyo, likiwa chini ya motohomu, linaweza kukaa miaka kumi na kashata zake bado zimesimama kama siku lilipotoka dukani, huku mpira wenyewe umeshachoka kwa ndani. Tena kukaa bila kutembea ndiko kunakoliua zaidi. Watengenezaji huchanganya kwenye mpira nta na kemikali za kuulinda dhidi ya jua na ozoni, lakini kinga hiyo hujitokeza juu vizuri pale tairi linapojikunja na kujikunjua likiwa barabarani. Lililoegeshwa miezi minane linakosa zoezi hilo. Kulifunika lisipigwe jua kunasaidia. Kulipaka vile vimiminika vya kung'arisha vyenye asili ya petroli kunaharibu, kwa sababu vinaiyeyusha nta hiyo hiyo.

Umri umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata mstari wake hadi mwisho, utakuta tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Basi. Ila kuna mtego: tarehe kamili inaweza kuwa imechapwa upande mmoja tu wa tairi, na aliyelifunga huenda aliugeuzia upande huo ndani.

Mtego huo niliuona mwenyewe nilipomsindikiza ndugu yangu kukagua motohomu ya mtumba. Matairi ya nje yalikuwa ya miaka minne, meusi, yanapendeza. Yale ya ndani kwenye mapacha ya nyuma, matairi mawili yanayofungwa pamoja kila upande, hayakuonyesha tarehe upande wowote tuliouona. Nililala chali chini ya gari, nikapenyeza simu kati ya tairi na chasisi huku nimewasha taa, nikapiga picha bila kuona ninachopiga. Picha ya tano ndiyo iliyotoka. Miaka kumi na moja. Muuzaji alikuwa amebadilisha yale yanayoonekana na kuyaacha yasiyoonekana, na yaliyoachwa ndiyo yaliyogawana mzigo wa nyuma nusu kwa nusu na hayo mapya.

Ushauri unaotolewa na watengenezaji wakubwa wa matairi ni kwamba likitimiza miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama sura yake ni nzuri. Mimi ni mwoga zaidi ya hapo kwa yale mawili ya mbele. Tairi la nyuma likipasuka, pacha wake hushika mzigo kwa muda. La mbele halina wa kumsaidia. Kwa hiyo mstari wangu ni huu: chini ya miaka mitano, fanya balansi bila wasiwasi. Kati ya mitano na saba, balansi tu kama kuna tetemeko na ukaguzi umepita. Zaidi ya saba, fedha ya balansi iende kwenye matairi mapya, ukianzia mbele. Tairi lenye uvimbe ubavuni halina mjadala, hata likiwa la mwaka jana.

Kuhusu kina cha kashata, sheria za nchi nyingi hukomea milimita 1.6. Marekani, malori na mabasi ya biashara hutakiwa kuwa na kama milimita 3.2 mbele. Motohomu yako huenda haimo kwenye kundi hilo kisheria, lakini kwa uzito imo, kwa hiyo mbele ningefuata kipimo cha lori.

Hakikisha ni balansi kweli

Hesabu fupi itakuonyesha kwa nini gramu chache zinaleta fujo. Tairi lenye kipenyo cha karibu mita 1, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, huzunguka karibu mara 9 kila sekunde. Ukiwa na gramu 100 zilizozidi upande mmoja wa ukingo wa rimu ya inchi 22.5, zinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 9. Juu, chini, juu, chini, mara tisa kwa sekunde. Ukipunguza kasi hadi 50, nguvu hiyo inashuka mpaka kilo 2 na kidogo, kwa maana kasi ikiongezeka maradufu nguvu huwa mara nne. Ndiyo sababu tatizo la balansi hujificha mjini na kujitokeza barabara kuu.

Sasa linganisha na tetemeko lako. Likija kwa kasi ndogo, kilomita 30 au 40, gari likawa linanesanesa kama linalochechemea, hilo si la balansi. Tairi si la duara, au nyuzi za ndani zimeanza kuachana, na hapo simama uliangalie kabla hujaendelea. Likija asubuhi ya kwanza baada ya gari kukaa muda mrefu, kisha likaisha baada ya nusu saa ya safari, tairi lilikuwa limejibonyeza mahali lilipokalia na limerudi lenyewe. Likija ukikanyaga mafuta tu, tazama propela na joint zake. Likija ukishika breki, ni dramu au diski. Likibaki lile linaloanza kwenye kasi fulani, usukanini ujue ni mbele, kitini na sakafuni ujue ni nyuma. Na shokapu zilizochoka hufanya kosa dogo la balansi lionekane kubwa.

Kipimo kingine hakihitaji mashine. Nyanyua gurudumu kwa jeki, kwenye sehemu ambayo kitabu cha gari kinaruhusu. Ile miguu ya haidroliki ya kusawazishia gari kambini haikuwekwa kwa kazi hiyo. Weka kitu kisichosogea, jiwe au kopo, kiasi cha nywele kutoka kwenye kashata, kisha zungusha gurudumu polepole. Nafasi ikiwa inapanuka na kubana, tairi halina duara. Halafu tazama ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye tairi karibu na rimu. Unatakiwa uwe umbali ule ule kuzunguka pote. Ukiona sehemu moja umezama ndani ya rimu, tairi halikukaa sawasawa lilipofungwa. Dawa yake ni kutoa upepo, kulipaka sabuni ya kufungia na kulikalisha upya. Nimeona watu wakiongeza vipande vya uzito mara tatu kwenye gurudumu lenye kosa hilo tu.

Njia za balansi, moja baada ya nyingine

*Mashine ya karakana.* Gurudumu linatolewa, linafungwa kwenye mhimili wa mashine, linazungushwa, na mashine inasema wapi pa kuweka uzito na kiasi gani, upande wa ndani na wa nje. Hii ndiyo njia pekee ya kawaida inayosahihisha vizuri makosa yote mawili: lile la kurukaruka juu na chini, na lile la kuyumba kushoto na kulia. Vipande vya uzito zamani vilikuwa vya risasi. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Kwenye rimu ya chuma vinapigiliwa ukingoni, kwenye rimu ya alumini mara nyingi vinabandikwa kwa gundi upande wa ndani, na hapo rimu isiposafishwa mpaka ing'ae vitadondoka vyenyewe njiani.

Udhaifu wa mashine uko mahali ambapo wateja wengi hawatazami: namna gurudumu linavyokaa kwenye mhimili. Gurudumu la inchi 22.5 lenye rimu ya chuma lina kilo 80 na ushei. Likikaa nusu milimita tu nje ya kitovu, mashine italiona kosa linalolingana na gramu 140 ukingoni, kosa ambalo halipo kabisa kwenye gari. Fundi ataweka vipande vyake, mashine itaandika sifuri, na wewe utaondoka na gurudumu bovu kuliko ulilokuja nalo. Mashine nyingi za magari madogo hazikutengenezwa kwa uzito huo hata kidogo.

Kuna njia ya kujua, nayo haimgharimu fundi dakika tatu. Mashine ikishaandika sifuri, mwombe alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye mhimili, akaze na kuzungusha tena. Ikibaki sifuri au karibu na hapo, gurudumu limekaa kitovuni. Ikiruka gramu mia, kazi yote ilikuwa bure. Fundi anayejua kazi yake hakasiriki ukimwomba hivyo. Anayekasirika amekupa jibu.

*Shanga za balansi.* Hizi ni punje ndogo sana za kioo, seramiki au plastiki, gramu mia kadhaa kutegemea ukubwa wa tairi. Zinatiwa ndani kabla tairi halijafungwa, au zinamiminwa kupitia valvu. Ukiviringisha gurudumu kwa mkono unazisikia zikimwagika kama mchele kwenye ungo. Gari likishika kasi, shanga zinasambaa ndani ya tairi na kukusanyika upande mwepesi, zikisukumwa na mtikisiko wenyewe wa gurudumu. Ukisimama zinadondoka chini, ukiondoka zinajipanga upya. Uzuri wake ni huo huo: tairi linavyolika, balansi inajirekebisha, na huhitaji mashine inayobeba kilo 80.

Lakini zisipewe sifa zisizo zake. Kwa kasi ndogo hazifanyi kitu. Kosa la kuyumba kushoto na kulia zinaligusa kidogo tu. Tairi lisilo duara haliwezi kuponywa nazo. Unyevu ukiingia ndani zinagandamana, kwa hiyo upepo wa kujazia lazima uwe mkavu. Valvu inahitaji moyo wenye kichujio, la sivyo punje moja inakwama pale na upepo unavuja usiku kucha. Kama una vipima upepo vilivyofungwa ndani ya tairi, soma kwanza masharti ya aliyevitengeneza. Na andika kwa rangi kwenye rimu kwamba ndani kuna shanga, kwa sababu fundi wa pancha asiyejua atazimwaga sakafuni na kukufungia tairi tupu.

Kwenye magurudumu makubwa ya inchi 19.5 na 22.5 zinafanya kazi ya kuridhisha, hasa nyuma. Kwenye inchi 15 na 16 sizipendekezi. Magurudumu hayo yanaingia kwenye mashine ya kawaida, na mashine itakupa matokeo bora kwa fedha ndogo.

*Pete za balansi.* Ni sahani ya duara yenye mfereji uliofungwa, ndani yake kuna gololi ndogo na mafuta mazito. Inafungwa nyuma ya gurudumu, kati yake na habu, kile kitovu cha ekseli ambacho gurudumu hukazwa juu yake. Kanuni yake ni ile ya shanga, ila pete haiondoki na tairi. Ukibadilisha matairi mara tatu, pete ni zile zile, na inasawazisha pia uzito wa dramu na habu. Bei yake ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa: kwamba imetengenezwa kwa habu yako hasa, na kwamba nati bado zinapata uzi wa kutosha kwenye stadi, yaani boliti za habu, baada ya unene wa pete kuongezeka. Hilo la pili likikosekana, achana nazo.

*Balansi juu ya gari lenyewe.* Gurudumu linanyanyuliwa na kuzungushwa na mota likiwa mahali pake, kwa hiyo habu na dramu vinahesabiwa pamoja. Njia nzuri, vifaa vimeadimika. Na ukishalitoa gurudumu kwa sababu yoyote, lazima lirudi kwenye stadi zile zile, vinginevyo hesabu imevunjika.

*Mashine yenye rola.* Hii inaligandamiza tairi kwa rola kana kwamba limebeba mzigo, ikitafuta sehemu ngumu na laini. Ndiyo itakayokuambia kwa nini gurudumu lenye balansi ya sifuri bado linatetemeka. Nyingi zimeundwa kwa magari madogo na pikapu, hivyo mwenye motohomu ya inchi 16 ana bahati hapa kuliko mwenye kubwa.

| Njia | Inamfaa | Usiichague kama |
|---|---|---|
| Mashine ya karakana | Karibu wote, na inchi 15–16 bila mjadala | Mashine haibebi uzito wa gurudumu lako |
| Shanga | Inchi 19.5 na 22.5, hasa nyuma | Tairi si duara, au vipima upepo vya ndani vinakataa |
| Pete | Anayekaa na gari kubwa miaka mingi | Stadi ni fupi, au unapanga kuliuza |
| Juu ya gari | Tetemeko linalotoka kwenye dramu au habu | Magurudumu hutolewa mara kwa mara |
| Mashine yenye rola | Tetemeko lisiloisha kwenye gari dogo | Gurudumu ni la saizi ya lori |

Mbele na nyuma hazidai sawa

Wapo wanaofanya balansi magurudumu yote sita na wapo wanaofanya mbele tu. Fedha ikiwa ndogo niko na hawa wa pili. Ekseli ya nyuma ni nzito, matairi ni mapacha, na kosa la gramu kadhaa linamezwa na uzito huo. Mbele kila gramu inapanda hadi mikononi, na inakula beringi na viungo vya usukani polepole.

Nyuma kinachodai usahihi ni ulingano wa mapacha. Pacha mmoja akiwa na kipenyo kikubwa kuliko mwenzake, yeye ndiye anayebeba mzigo, na mdogo anaburutwa, analika na kupata joto. Kwa matairi ya saizi ndogo na za kati, tofauti isizidi milimita 6 hivi kwa kipenyo. Kwa hiyo usimfunge mpya na aliyelika hata siku moja. Mwambie fundi azipishanishe valvu za mapacha, moja juu nyingine chini, ili mkono uzifikie zote mbili. Mapacha wa ndani ndio matairi yanayosahauliwa kupimwa upepo kuliko yote, na sababu kubwa ni kwamba valvu yake haifikiki bila kuchafuka.

Ukiamua kubadilisha: mawili au sita, na ya aina gani

Kubadilisha yote kwa pamoja kunaumiza mfuko mara moja, kisha una tarehe moja tu ya kukumbuka. Kubadilisha mawili ya mbele mwaka huu na manne ya nyuma mwakani kunapunguza maumivu, na hakuna ubaya mradi yale manne yaende kwa pamoja. Kitu nisichokubali ni kuhamishia nyuma yale ya zamani ya mbele ili kuokoa. Umri wake haurudi nyuma, na unajitafutia mapacha wasiolingana.

Kwa motohomu zilizojengwa juu ya van, mchuano ni kati ya tairi la kawaida la mizigo, lenye alama C au LT, na lile la Ulaya lenye alama CP, lililoundwa kwa ajili ya gari la kuishi. CP limeimarishwa kwa mzigo unaokaa juu yake miezi bila kusogea, na linakubali upepo mwingi zaidi kwenye ekseli ya nyuma yenye tairi moja moja. Kama gari lako limejaa hadi karibu na kikomo cha uzito, CP ndilo chaguo. Kama lina nafasi ya kutosha na linatembea mara kwa mara, C zuri lenye uwezo unaotakiwa linatosha, na huwa laini zaidi barabarani.

Hapa pana jambo dogo la valvu. Zile za mpira za kuchomeka, za magari madogo, kwa kawaida mwisho wake ni pauni 65 za upepo. Motohomu ya inchi 16 mara nyingi inadai zaidi ya hapo. Dai valvu za chuma zenye nati, tena mpya, kila unapobadilisha tairi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hesabu yote hii.

Kwa magari makubwa unanunua tairi la lori. Soma namba za uzito ubavuni. 149/146L maana yake tairi moja likiwa peke yake hubeba kilo 3,250, likiwa pacha hubeba 3,000, na herufi L ni kikomo cha kilomita 120 kwa saa. Wengi wanashangaa kusikia chombo chao chenye injini ya nguvu kimefungiwa matairi yasiyotakiwa kuvuka 120. Likiwa la mbele, chagua lenye mifereji mirefu iliyonyooka, lililotengenezwa kwa ekseli ya usukani au kwa nafasi zote. Yale yenye meno makubwa ya kusukumia ni ya nyuma, na mbele yatakupa kelele na tetemeko la kudumu lisilojua balansi.

Usinunue chochote kabla ya kupima gari kwenye mizani likiwa limejaa: watu, vyombo, mafuta, na maji, ambayo kila lita ni kilo moja. Ukiweza pima kila kona. Upande wenye jiko na friji huwa mzito kuliko ule wa sofa, na upepo wa ekseli nzima unafuata upande mzito. Kipimo cha upepo kitoke kwenye jedwali la mtengenezaji kwa uzito huo, tairi likiwa baridi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni inaendana na mzigo wa juu kabisa wa tairi. Ukijaza hadi hapo bila mzigo huo, gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na utamlaumu fundi wa balansi asiye na kosa.

Nani afanye kazi

Duka la matairi ya magari madogo linafaa kwa rimu za inchi 15 na 16, mradi jeki na mashine zao zinabeba. Kuanzia 19.5 nenda karakana ya malori au kampuni ya mabasi inayopokea magari ya nje. Wana mashine nzito, wana kizimba cha kujazia upepo, na hawashangai kuona tairi la ukubwa huo. Kizimba si pambo: tairi lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya unaotakiwa huenda nyuzi za ubavuni zimekatika, na likijazwa upya linaweza kupasuka usoni mwa fundi. Likiwahi kutembea hivyo litolewe kwenye rimu likaguliwe kwanza.

Fundi anayekufuata ulipo anakuokolea safari, na kwa gari lililokwama hana mpinzani. Ila wengi wao hawaji na mashine ya balansi ya magurudumu makubwa, na hapo ndipo shanga zinapopata heshima yake: anafunga tairi, anatia mfuko wa shanga, anaondoka.

Ningefunga nini mimi

Motohomu ya inchi 16: matairi yote kwa pamoja yakifika miaka saba, CP kama mzigo ni mkubwa, balansi ya mashine kwa magurudumu yote, na mashine yenye rola kama tetemeko limebaki. Motohomu ya 22.5 ninayotarajia kukaa nayo muda mrefu: mawili ya mbele mashine ya malori pamoja na lile jaribio la nusu mzunguko, mapacha wa nyuma shanga. Pete ningezifikiria kama ningekuwa nakimbia maelfu mengi ya kilomita kila mwaka, maana hapo ndipo bei yake inapojirudisha. Motohomu niliyoinunua juzi na sijui historia yake: siweki senti kwenye balansi mpaka nimesoma tarehe za matairi yote, ya ndani kabla ya nje.

Na kazi ikiisha, simama pembeni uone nati zinavyokazwa. Kwenye rimu nyingi za inchi 22.5 zinazokaa juu ya habu, kipimo ni kati ya niutoni-mita 610 na 680, kwa spana yenye kipimo. Bunduki ya upepo peke yake haitoshi. Baada ya kilomita 80 hadi 160, kaza tena. Rangi na kutu kati ya rimu na habu vinajibana safari ya kwanza, nati inalegea kidogo, na fundi aliyekufungia huwa ameshasahau gari lako wakati huo. Mimi huweka spana ile ndefu juu ya kiti cha abiria, siyo kwenye sanduku la nyuma, na anayetaka kukaa hapo hunikumbusha.